Uliza Mwalimu: Kwa nini geji ya oksijeni imeandikwa "kitu kichachu"?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi kuliko nafasi, nimechukua manne. Sikuyapanga ila yamejikuta yote yanazunguka jambo moja, majina ya hizi hewa tunazovuta na tunazochomea. La kwanza nitalijibu kwa kirefu kwa sababu fundi kauliza kitu ambacho mi nilifundisha kemia miaka mingi na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniuliza.

Shikamoo mwalimu. Mi fundi wa kuchomelea hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nimenunua geji ya mtumba ya mtungi wa oksijeni imetoka Ulaya, kwenye kioo imeandikwa Sauerstoff na chini yake Öl- und fettfrei. Kijana wangu akaweka kwenye simu itafsiri, simu ikasema Sauerstoff ni oksijeni, lakini akikata neno vipande viwili inakuja "chachu" na "kitu". Sasa nimeogopa kuifunga isije ikawa ni ya tindikali. Na kama ni oksijeni kweli mbona wanaiita kichachu, mi naivuta kila siku sijawahi kusikia uchachu wowote?

Marahaba fundi wangu. Tuanze na usalama kwanza maana historia inaweza kusubiri ila mikono yako haiwezi. Geji hiyo ni ya oksijeni kweli, Sauerstoff ndo jina lake kwa Kijerumani, hakuna tindikali hapo. Lakini yale maneno ya chini uyashike kuliko ya juu, yanasema isiwe na mafuta wala grisi. Hapa kwetu mtu katoka kula mgebuka wa mawese, kajifuta kwenye suruali, anaenda kufungua koki ya mtungi, au geji ikikaza anapaka grisi kwenye nyuzi zake ilainike kama anavofanya kwenye baiskeli. Usifanye hivo hata siku moja. Mtungi uliojaa una presha mara 150 mpaka 200 ya hewa ya kawaida, oksijeni yenyewe haiungui lakini inafanya vitu vingine viungue kwa kasi ya kutisha, mafuta yakikutana nayo kwenye presha hiyo yanaweza kuwaka yenyewe bila cheche wala kiberiti. Na kwa kua ni ya mtumba, hujui huko ilikotoka nani aliishika, ipeleke kwa wanaojaza mitungi waikague na kuisafisha kabla hujaifunga. Tafadhali sana.

Sasa jina. Sauer ni chachu, Stoff ni kitu, kijana wako hajakosea hata kidogo. Na sio Wajerumani tu. Waholanzi wanasema zuurstof, hivohivo. Watu wa Iceland súrefni, hivohivo. Waswidi wanasema syre na tindikali kwao ni syra, yani maneno mawili yanakaribia kugongana. Wafini wanasema happi, inatokana na hapan, chachu, neno hilohilo wanalotumia kwa mkate wao mweusi wa kuchachusha. Warusi wanasema kislorod, kisly ni chachu, na hiyo rod imetoka kwenye kuzaa, kwaiyo ni "kizaa uchachu". Wacheki kyslík, Wakroati kisik, shina ni lilelile. Nchi nyingi za Ulaya, kila moja kwa lugha yake, zinaita kitu kisicho na ladha yoyote kichachu. Lazima ujiulize walionja nini.

Hawakuonja, walimfata mtu mmoja wa Paris.

Hewa yenyewe ilikua imeshapatikana kabla yake. Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Uswidi, aliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1770 akaiita "hewa ya moto" kwa sababu mshumaa ukiingia humo unawaka kwa nguvu, ila kitabu chake kikachelewa kwa mchapaji mpaka 1777. Kule Uingereza Joseph Priestley, ambaye kazi yake hasa ilikua uchungaji wa kanisa, tarehe 1 Agosti 1774 alichukua unga mwekundu wa zebaki akaupiga jua kwa lenzi kubwa, ikatoka hewa ambayo mshumaa uliipenda sana, na baadae akaweka panya ndani akaona anaishi muda mrefu kuliko kwenye hewa ya kawaida. Priestley aliipa jina refu la kuchosha, hewa iliyoondolewa flojistoni, maana siku hizo waliamini kila kinachoungua kinatoa kitu kinachoitwa flojistoni. Mwezi Oktoba mwaka huohuo akasafiri mpaka Paris, mezani kwenye chakula akamsimulia Antoine Lavoisier alichokiona.

Lavoisier ndo aliyeelewa maana yake. Alikua ameshachoma salfa na fosforasi akapima kabla na baada, akakuta vinaongezeka uzito badala ya kupungua, kwaiyo sio kwamba kitu kinatoka, kuna kitu kinaingia kutoka hewani. Hiyo ni moja ya hatua kubwa kabisa kwenye sayansi na mi naifundisha kwa furaha mpaka leo kwa yeyote anayenisikiliza. Mke wake Marie-Anne, huyu nampa nafasi yake maana vitabu vingi vinamruka, ndo alikua anamtafsiria maandishi ya Kiingereza na kumchorea vyombo vya maabara. Sasa Lavoisier akaona kingine: salfa iliyoungua ukiiyeyusha kwenye maji unapata tindikali, fosforasi hivohivo unapata tindikali, makaa nayo yanatoa hewa ambayo ikiingia kwenye maji inayapa uchachu kidogo. Tatu kwa tatu. Akasema basi, hii hewa ndo inayozaa tindikali zote duniani. Akachukua maneno mawili ya Kigiriki, oxys na genes, akatengeneza oxygène, na mwaka 1787 yeye na wenzake Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy wakatoa mpangilio mzima wa majina ya kemia, jina likapita humo.

Hapa nisimame kidogo kwenye oxys kwa sababu Mswahili analielewa neno hili upesi kuliko mtoto wa London. Vitabu vya Ulaya vinahangaika kulieleza, mara ni makali ya kisu, mara ni uchachu wa siki, mara ni sauti nyembamba ya juu. Sisi tuna neno "kali". Kisu kikali, ndimu kali, siki kali, sauti kali, mwalimu mkali. Wagiriki walifikiri kama sisi kabisa hapo, ukali wa wembe na ukali wa ndimu kwao ni kitu kimoja kinachokata, kimoja kinakata ngozi kingine kinakata ulimi. Siki yenyewe kwao ilikua oxos, ndo neno lililopo kwenye Injili ya Kigiriki pale Mathayo 27:48 sponji inapojazwa siki. Kwaiyo fundi, oksijeni uliyonayo dukani ukiifasiri kwa Kiswahili safi inakua "kizaa ukali". Na Wagiriki wa leo wanaiita oxygono, neno lao wenyewe lililoundwa Paris likarudishwa nyumbani.

Wafaransa, Waingereza, Wahispania na Waitalia wao walilichukua neno kama lilivo, oxygène, oxygen, oxígeno, ossigeno, mtu wa kawaida akilisikia halimwambii chochote, kama sisi tu na oksijeni yetu. Wajerumani na Warusi na wenzao wakasema hapana, kila mtu aelewe, wakatafsiri maana. Na hapo ndo penye jambo ninalotaka ulichukue fundi: maana yenyewe ilikua na kosa.

Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza aliichunguza tindikali ya chumvi, hii ambayo hata tumboni mwako ipo inasaga chakula, wanaiita haidrokloriki. Lavoisier aliamini lazima ina oksijeni ndani ila bado haijatolewa. Davy akaitafuta kwa kila njia, akaichoma, akaipitisha umeme, hakuna. Ndani kuna haidrojeni na klorini basi. Tindikali kali kabisa na haina hata chembe ya oksijeni. Kwaiyo "kizaa ukali" hakizai ukali, kwenye tindikali za kawaida za maabara kinachofanya kazi hiyo ni haidrojeni, ambayo nayo Lavoisier na wenzake waliiita "kizaa maji". Na maji yenyewe ukiyapima, katika kilo 9 za maji kilo 8 ni oksijeni! Mi huwa nawaambia watu majina haya mawili ungeyabadilishana yangekaa vizuri zaidi. Lakini 1810 ilikua kuchelewa, vitabu vimeshachapwa, wanafunzi wameshakariri, na Lavoisier hakuepo kusahihisha, alikatwa kichwa kwenye mapinduzi tarehe 8 Mei 1794 kwa sababu alikua mmoja wa wakusanya kodi wa mfalme. Jina likabaki. Kila lugha iliyotafsiri ikawa imetafsiri na kosa ndani yake, na wewe Mwanga umelikuta kwenye kioo cha geji.

Wapo ambao hawakufata. Watu wa Denmark wanaiita ilt. Neno hilo liliundwa na Hans Christian Ørsted mwaka 1814, huyuhuyu aliyekuja kugundua mwaka 1820 kwamba waya wenye umeme unasogeza sindano ya dira, akalitoa kwenye ild, moto. Haidrojeni akaiita brint, kutoka kwenye kuungua. Walithuania wanasema deguonis, nayo ni ya kuungua. Wapolandi mwanzo walikua na kwasoród, uchachu tena, baadae wakaitupa wakachukua tlen, inayotokana na kitendo cha kufukuta, unajua makaa yakifunikwa jivu usiku asubuhi ukipuliza yamo bado, ndo huko. Wahungaria nao kwa muda walikua na éleny, kutoka kwenye kuishi, jina zuri kuliko yote kwa maoni yangu, ila siku hizi wamerudi kwenye oxigén.

Mi nasema wazi, watu wa Denmark na Poland walifanya vizuri zaidi. Waliangalia kitu kinafanya nini mbele ya macho ya kila mtu, kinawasha, hawakuangalia nadharia ya mkubwa fulani inasemaje. Na fundi, wewe unayeona kila siku mwali unavobadilika ukifungua koki ya oksijeni, ungepewa kazi ya kuipa jina naamini ungeanzia kwenye moto.

Habari za kazi mwalimu mwenzangu. Mi nafundisha Kasulu ila shule nilisoma Bujumbura kwa Kifaransa. Kule tulisema azote, huku wanafunzi wangu wanasema naitrojeni, na kwenye mfuko wa mbolea imeandikwa N. Nimeshazoea ila nimejiuliza, kwa nini kitu kimoja kiwe na majina yasiyofanana hata herufi?

Salama mwalimu, na hongera, wewe umevuka mpaka wa majina ambao Ulaya yenyewe imegawanyika nao mpaka leo. Ni kitu kimoja kabisa, ile sehemu kubwa ya hewa, asilimia 78.

Azote ni ya Lavoisier na wenzake tena, 1787. A ni "bila", zoe ni uhai. Daniel Rutherford wa Scotland aliitenga mwaka 1772, alichukua hewa akaondoa kinachowasha na kinachotoka kwenye pumzi, kilichobaki mshumaa ukazima na panya akafa. Kwaiyo wakaiita "isiyo na uhai". Warusi, Wapolandi na Waitalia wakalichukua hilohilo, azot, azoto. Wajerumani kama kawaida yao wakatafsiri, Stickstoff, kitu cha kukaba pumzi, Waholanzi stikstof, Waswidi kväve kutoka kwenye kukaba, Wacheki dusík, ni kukaba tena. Ukipita hizo nchi zote unaweza kudhani ni sumu.

Naitrojeni ni ya Mfaransa mwingine, Jean-Antoine Chaptal, 1790. Yeye alilalamika, na alikua na haki, kwamba hewa nyingi tu haziwezi kumfanya mtu aishi, kwaiyo "isiyo na uhai" haitofautishi chochote. Akaiita kwa kitu inachotoka, shura, ile chumvi ya baruti, Kigiriki nitron. Sasa ajabu ni kwamba Waingereza wakalikubali neno la Mfaransa na Wafaransa wenyewe wakabaki na azote. Ndo maana wewe ulilikuta Bujumbura. Vitabu vya zamani vya Kifaransa viliandika mpaka alama yake Az, ila siku hizi dunia nzima ni N, na Wafaransa pia wanaandika N huku wanatamka azote.

Kinachonigusa mi kwenye hili ni kwamba "isiyo na uhai" ni jina la kusikitisha kwa kitu ambacho bila yenyewe hakuna nyama wala yai wala jani la mboga. Protini zote zina naitrojeni. Wewe upo Kasulu, nchi ya maharage, chukua wanafunzi wako shambani ng'oeni mche mmoja taratibu na udongo wake, mtaona vinundu kwenye mizizi, pasua kimoja kama ndani ni chekundu ujue kinafanya kazi. Humo kuna bakteria wanakamata hiyo "isiyo na uhai" kutoka hewani wanaigeuza chakula cha mche. Mfuko wa urea unaouzwa dukani una asilimia 46 ya kitu hichohicho na watu wanaulipia hela nyingi, mharage unajipatia sehemu kubwa ya naitrojeni yake hewani. Na neno lenyewe la Lavoisier hata huku kwenye Kiingereza halijafa, wataalamu wa rangi za vitambaa wana kundi kubwa la rangi linaitwa azo, kwa sababu ya naitrojeni mbili zilizoshikana ndani yake, kwaiyo kitenge cha rangi kali kinaweza kua kimebeba neno la Lavoisier na mvaaji hajui.

Mwalimu shikamoo, mi mama muuza dagaa Ujiji. Nimesikia vijana wanasema ziwani chini kabisa hakuna oksijeni na ndo maana serikali ilifunga ziwa. Maji si yenyewe yana oksijeni ndani? Tulifundishwa hivo shule ya msingi.

Marahaba mama yangu. Umekumbuka vizuri, na hapa jina linawachanganya wengi. Ndoo yako ya lita 20 ukiijaza maji ya ziwa ina karibu kilo 18 za oksijeni, lakini hiyo imefungwa ndani ya maji yenyewe, samaki hawezi kuivuta kama wewe usivyoweza kuvuta oksijeni iliyo ndani ya jiwe. Anayoivuta samaki ni ile ya hewani iliyoyeyuka majini, kama sukari kwenye chai, na hiyo ni kidogo mno, miligramu 7 au 8 hivi kwa lita kwenye maji yetu ya joto. Ndoo nzima haifiki hata gramu moja. Ndo maana dagaa ukiwaacha wengi kwenye ndoo wanakufa haraka.

Na vijana wamesema kweli kuhusu chini. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 ila oksijeni ipo juujuu tu, upande wetu wa kaskazini mpaka mita 100 hivi, kule kusini mpaka 200 hivi. Chini ya hapo maji ni ya tangu zamani, hayachanganyiki na ya juu kwa sababu yale ya juu yana joto, ni mepesi, yanaelea, na kila kinachokufa kikizama kinaozea huko na kumaliza oksijeni yote. Yana hata ile hewa ya harufu ya yai bovu. Upepo wa kusi kuanzia Mei mpaka Septemba ndo unaosukuma maji ya juu kuelekea kwetu, kule kusini ya chini yanapata nafasi ya kupanda kidogo na mbolea yake, viumbe vidogo vinashiba, dagaa wanashiba. Miaka hii maji ya juu yamezidi joto na huo mchanganyiko umepungua, hilo linanitia wasiwasi kuliko jambo lolote la ziwa hili.

Lakini kufunga ziwa ni habari nyingine mama. Ile ya 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ilikua kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua, sio kwamba oksijeni iliisha.

Mwalimu mi mwanafunzi wa kidato cha pili Tabora. Babu yangu anasema zamani hakukua na gesi, kulikua na hewa tu. Eti neno gesi lilitoka wapi?

Babu yako kasema jambo kubwa mjukuu wangu, msalimie sana. Hata Ulaya ilikua hivohivo, kulikua na hewa na mvuke na moshi, neno gesi halikuepo mpaka mtu mmoja akalitengeneza. Aliitwa Jan Baptist van Helmont, mganga wa karibu na Brussels, alifariki 1644 na maandishi yake makubwa yakachapwa 1648. Yeye alichukua ratili 62 za makaa ya mti wa mwaloni akayachoma, akabaki na ratili 1 ya jivu. Akajiuliza zile 61 zimeenda wapi. Haziwezi kupotea, kwaiyo zimegeuka kitu kisichoonekana, na kitu hicho sio hewa ya kawaida kwa sababu mshumaa unazima humo. Akasema kitu hiki hakina jina, nakipa jina jipya, gas.

Alilichukua kwenye khaos ya Kigiriki, vurugu isiyo na umbo. Mbona g na sio kh? Kwa sababu kwao Waflemi herufi g inatamkwa kooni, kama kh ya kheri kwa anayeisoma Kiarabu vizuri, kwaiyo kwake aliandika kama alivosikia. Wengine wakalisoma kwa g yao ngumu likabadilika sauti. Na hili tofauti na oksijeni limekubalika karibu kote bila kutafsiriwa, gaz kwa Wafaransa na Warusi, Gas kwa Wajerumani, kaasu kwa Wafini, gesi kwetu. Wacheki ndo wana lao, plyn, kutoka kwenye kutiririka, na Wakroati plin.

Na ile gesi ya van Helmont ya kwenye makaa unaijua, ndo hewa ukaa. Angalia hapo tulivofanya sisi. Kilatini carbo ni makaa, ndo imetoka kaboni, Wajerumani wakasema Kohlenstoff, kitu cha makaa, Warusi uglerod, kizaa makaa, na Waswahili tukachukua hewa tukachukua kaa tukaunga, hewa ukaa. Hatukuiga sauti, tuliangalia inatoka wapi, na mtu asiyesoma kemia hata siku moja akisikia redioni kwamba vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi vinalipwa fedha za hewa ukaa kwa kutunza msitu, anapata picha ya makaa papohapo. Naipenda sana kazi hiyo na natamani ingefanyika kwa nyingine pia. Oksijeni tumeichelewa, imeshazoeleka.

Ukitaka jaribu alichofanya van Helmont. Tabora makaa yapo, omba kilo moja makavu, pima kwenye mzani wa dukani, choma kwenye jiko mpaka yaishe yawe jivu jeupe, jivu likipoa lipime. Fanya nje uwanjani mchana na babu akiwa hapo, usifanye ndani hata kama mvua inanyesha, maana makaa yakikosa hewa ya kutosha yanatoa kabonimonoksaidi, haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini. Ukimaliza niandikie umepata gramu ngapi.